Injini Ndani ya Kisima

Jumapili, alasiri. Hakuna upepo.

Majani ya miti ya mathenge nyuma ya nyumba hayatikisiki, na vumbi walilotimua mbuzi asubuhi bado linaelea. Nimekaa mezani, viatu nimevua, nyayo ziko sakafuni, na nausikia ule mtetemo. Dudududu, kwa mbali, kutoka chini. Nimeshatoka nje kuhakikisha. Injini imezimwa. Hakuna mtu kisimani. Nikirudi kukaa, mtetemo upo.

Basi nimeamua kuandika. Blogu hii sijaigusa tangu msiba, na wachache wanaoisoma wameniuliza kama niko salama. Niko salama. Sijui kama hilo ndilo neno lenyewe.

Kwa asiyepajua kwetu: mimi ni mwalimu wa historia. Nafundisha Garsen, lakini naishi nje kidogo ya mji, katika kijiji kilichoota kando ya mkono wa zamani wa Mto Tana. Nasema wa zamani kwa sababu mto haupo hapo tena. Mto wetu una tabia ya kuhama. Ukifurika hujikatia njia mpya, na walioamka ukingoni hujikuta wanautazama mchanga. Lakini mchanga huo ukiuchimba unapata maji. Nilipohamia hapa ulichimba kimo cha mtu tu, ukachota kwa kata.

Nyumba zilikuwa chache wakati huo. Baadaye wakaja waliofukuzwa na mafuriko kutoka mashamba ya chini. Wakaja Waorma ambao ukame uliwamalizia ng'ombe, wakaona heri wakae karibu na barabara na zahanati. Wakaja vijana, wakaoa, wakazaa. Hakuna aliyekuja kwa ubaya. Hata mimi nilikuja. Na kila aliyekuja alikuja na mitungi yake.

Maji yakashuka, tukachimba. Yakashuka tena, tukachimba tena. Udongo ukaanza kubomoka, ikabidi tujengee kuta kwa matofali. Matofali yakataka tanuri, tanuri likataka kuni, na kuni tukazikata kwenye msitu mwembamba uliobaki ukingoni, hadi ukingo ukawa visiki. Asubuhi moja nilikuwa napiga mswaki mlangoni nikahisi kuna kitu kimepungua. Nilichukua muda kukijua. Kima hawakuwepo. Zamani walikuwa wakitupigia kelele kila jua likichomoza. Sikujua waliondoka lini, na nilipouliza majirani, hakuna aliyejua.

Kisima kilipofika kina fulani, kikaanza kupumua.

Najua inavyosikika. Lakini kila mtu hapa amehisi. Siku za mawingu mazito yasiyonyesha, ukiinama juu ya mdomo wa kisima unapata hewa ya vuguvugu ikipanda usoni, yenye harufu ya udongo na chuma. Siku nyingine inakuwa kinyume: unyoya wa kuku ulioanguka pembeni unasota taratibu hadi mdomoni, unazama. Mwenyekiti wetu wa kamati ya maji, Mama Guyo, mjane wa Kiorma ambaye ua wake umepakana na wangu, alikataza akina mama wasiweke watoto wachanga karibu.

"Hapo napumua," aliniambia. "Kitu napumua iko na mwenyewe."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Mama Guyo ana wana wawili wakubwa. Nilitaka kuandika alikuwa nao, kisha nikaona nimwache Guyo kidogo katika wakati uliopo. Guyo ndiye wa kwanza, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, mchunga ng'ombe wachache waliobaki wa marehemu baba yake. Barisa ndiye mdogo wake. Guyo alikuwa na mchumba Garsen, na kila aliponiona alinitania: "Mwalimu, siku ya harusi utapika wewe, maana wali wa Wapokomo hauna mfano." Mimi ni Mpokomo wa Ngao. Kuna miaka ambayo watu wangu na watu wake hawakutaniana hivyo, kwa sababu ya maji na malisho haya haya. Kwa hiyo utani wake niliuthamini kuliko alivyojua.

Halafu kuna Komora, mdogo wangu wa tumbo moja. Kule Ngao alikuwa anatengeneza pampu za wakulima wanaomwagilia migomba na miembe kando ya mto. Mwaka huu alikuja kunitembelea, akawaona wanawake wakipanga foleni tangu alfajiri, wakivuta kamba hadi viganja vinachunika, wakitukanana, wengine wakirudi nyumbani na matope. Hakuweza kuvumilia. Komora hawezi kuona kazi ya mkono ambayo injini ingeifanya.

"Dada, hii ni kazi ya dakika chache kwa pampu," alisema.

Alileta pampu ya petroli, akaiweka juu, akashusha mpira wa kuvutia maji. Pampu ikanguruma, mpira ukatetemeka, maji hayakuja. Akanieleza kwa subira kwamba pampu ya juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina chochote unachotaka. Yakiwa chini sana hata uiongezee moto namna gani, hayapandi. Lazima pampu iyafuate yaliko.

Basi yeye na Guyo wakashuka kwa vyuma vilivyochomekwa ukutani, wakafunga jukwaa la mbao ndani ya kisima, juu kidogo ya maji, na injini wakaiteremsha wakaikalisha hapo. Moshi wake ulikuwa na bomba fupi la kuelekea juu.

Siku ya kwanza ilipowashwa tulishangilia. Wanawake walipiga vigelegele. Maji yalitoka mazito, meupe, baadaye safi. Nami nilishangilia. Ila nilipofika nyumbani nikakuta vikombe rafuni vinagongana taratibu, ting, ting, ting, na sakafu inatetemeka, kama kuna mtu chini ya nyumba anatwanga. Nikazoea. Kwa wiki kadhaa kijiji kizima kiliishi juu ya mlio huo. Mbuzi tu ndio hawakuzoea. Walikunywa kwenye hori, lakini kisimani penyewe hawakusogea hata kwa kuvutwa.

Ijumaa kabla ya msiba nilikuwa na Kidato cha Pili. Somo lilikuwa mwanzo wa viwanda kule Uingereza. Kila mwaka nalifundisha kwa kitabu, kwamba kulikuwa na mtaji, kulikuwa na wavumbuzi, kulikuwa na bandari. Siku hiyo sijui kilichonipata. Nilifunga kitabu nikawasimulia kama hadithi.

Niliwaambia watu waliongezeka. Wakahitaji nyumba, vyombo, chuma, na zaidi ya yote moto wa kupikia na kuotea baridi. Wakakata miti. Misitu ikapungua, kuni zikawa ghali, maskini wakatetemeka. Wakageukia makaa ya mawe, ambayo wengi waliyachukia kwa moshi na uvundo wake. Wakayachimba ya juu juu, yakaisha. Wakachimba chini, wakakuta maji. Shimo likijaa maji hakuna makaa, bila makaa hakuna moto. Wakatumia ndoo, wakatumia farasi wa kuzungusha magurudumu, lakini shimo liliendelea kuwashinda. Ndipo wakatengeneza mtambo unaochoma makaa ili uvute maji ili wapate makaa. Injini zile za mwanzo hazikubeba abiria wala kufuma nguo. Zilikaa mdomoni mwa shimo, zikanyonya maji.

Msichana mmoja, Fatuma, aliinua mkono. "Kwa hivyo mwalimu, si ati walikuwa werevu kutuliko. Ni vile walikuwa wamebanwa?"

"Walikuwa na werevu wao," nikamwambia. "Lakini ndiyo. Walibanwa kwanza."

"Na kule chini shimoni, watu walikuwa wanapumua aje?"

Nikawaeleza kuhusu hewa mbaya. Jinsi wachimbaji walivyoshuka na taa, na taa ikififia walijua wapande haraka. Jinsi mtu mmoja akianguka, mwenzake alimfuata kumwokoa akaanguka juu yake, na wa tatu juu ya wa pili.  

Kengele ikalia. Nikaja nyumbani, nikapita kando ya kisima, nikaisikia injini ikitwanga kule chini, nikamsalimia Komora kwa mkono, nikaenda kupika.

Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, mlio ulikatika wenyewe.

Nilikuwa naanika nguo. Vikombe vilinyamaza. Sikuwa nimejua ni kiasi gani nimezoea mtetemo ule hadi ulipoondoka. Nilihisi kama nimeachiwa mkono gizani. Nikaenda kisimani. Watu walikuwa wamesimama na mitungi wakitazamana. Komora alikuwa tayari anavaa shati lake la kazi.

"Ina mafuta," alisema. "Nimeijaza asubuhi hii. Sijui ni nini."

Alitaka kushuka hivyo hivyo kama kawaida. Mama Guyo akamzuia kwa fimbo.

"Kamba," alisema.

"Mama, ni kushuka na kupanda tu."

"Kamba, Komora. Wewe ni mtoto ya mtu."

Ilikuwepo kamba moja, ile ya zamani ya kutekea. Komora akajifunga kiunoni huku akitabasamu kwa kuudhika, Guyo akashika ncha nyingine akaizungusha kwenye gogo la kando ya kisima. Kichwa cha mdogo wangu kikazama. Nilimwona akifika jukwaani, akiinama juu ya injini. Kulikuwa na ukungu mwembamba wa buluu kule chini. Niliuona, na sikuuelewa.

Akavuta kamba ya kuwashia. Injini ikakohoa ikafa. Akavuta tena. Kisha akaacha kuvuta, akakaa chini jukwaani, akaegemea ukuta wa matofali kama mtu aliyefika nyumbani.

"Komora," nikaita.

Hakuinua uso. Alikuwa anatazama maji. Akaanza kuzungumza, kwa sauti tulivu kabisa, sauti anayoitumia na wageni.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, nimewaona."

Akatulia kama anayemsikiliza mtu.

"Kumbe mko wengi hivyo."

Watu wote mdomoni mwa kisima walirudi nyuma. Mwanamke mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi. Mimi nilibaki nimeinama, na hewa ile ya vuguvugu ikapanda ikanigusa usoni, na kichwa kikaanza kuniuma. Hapo ndipo nilipoelewa. Taa. Wachimbaji. Injini haikuwa imeharibika. Ilikuwa imekosa hewa, kwa sababu imeinywa yote na kumwachia mdogo wangu moshi.

"Vuteni!" nikapiga kelele. "Mvuteni sasa hivi!"

Wakavuta. Kamba ikakaza, Komora akainuka kidogo, akakwama. Mguu wake ulikuwa umeingia katikati ya mbao za jukwaa. Wakavuta zaidi na yeye hakulia wala kulalamika, kichwa kilining'inia tu. Nikasema wasivute, watamvunja. Nikasema subirini. Sikumaliza kusema, Guyo ameshaikabidhi kamba kwa mdogo wake Barisa, na anashuka.

Nilimwita. Nataka hili lijulikane, nilimwita kwa jina lake mara nyingi. Alinitazama mara moja tu, akasema, "Niko karibu, mwalimu, usiogope," akabana pumzi, akaendelea kushuka.

Alikuwa hodari. Aliingiza mikono katikati ya mbao, akautoa mguu wa Komora, akamsukuma kwa bega. "Vuteni!" alisema, na kwa kusema hivyo ilibidi avute pumzi.

Komora alipanda akigonga matofali, uso mwekundu ajabu, midomo imelegea. Tukamlaza mchangani. Alikuwa anapumua. Nilimshika mdogo wangu, nikahisi kifua chake kikiinuka chini ya kiganja changu, na nikafurahi. Kwa muda huo sikumkumbuka mtu mwingine duniani. Naliandika hili kwa sababu ni kweli na sijaweza kumwambia mtu yeyote uso kwa uso.

Nilipogeuka, Mama Guyo alikuwa anatazama ndani ya kisima.

"Guyo," alikuwa akiita, taratibu, kama anavyomwita aje kula. "Guyo. Guyo."

Guyo alikuwa amekaa pale pale alipokaa Komora. Mgongo ukutani, uso juu ya maji.

Barisa akavua viatu. Nikasimama mbele yake. Sijui nguvu ile niliitoa wapi. Ananizidi urefu na nguvu. Nilimwambia hashuki mtu. Akanisukuma. Nikamshika shingoni kwa mikono miwili nikaning'inia.

"Mwalimu, toka. Ni ndugu yangu!"

"Ukishuka mtakuwa wawili."

"Ndugu yako ameshatoka!"

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alilisikia.  Nikamgeukia mama yao.

"Mama Guyo, chini hakuna hewa. Anayeshuka hapandi. Nakuomba. Nipe muda tuiondoe hewa mbaya kwanza, ndipo tumfuate."

Alinitazama. Sitausahau mtazamo ule, na sitajaribu kuueleza.

"Wewe, unajua hii kitu kweli?" aliuliza. "Ama unaogopa tu?"

"Najua."

Akafumba macho. Kisha akasema kwa Kiorma neno moja kwa Barisa, na Barisa akakaa chini mchangani akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mzima.

Tulikata matawi ya mathenge yenye majani, tukayafunga tita, tukalishusha kwa kamba ile ile tuliyomfungua Komora, tukawa tunalipandisha na kulishusha, kwa nguvu, ili kuikoroga hewa. Wanawake walimwaga mitungi ya maji waliyoyapangia foleni, mmoja baada ya mwingine, maji yaanguke yabebe hewa. Tukashusha taa ya kandili. Ikazimika ghafla, kama iliyopulizwa. Tukakoroga tena. Ikazimika. Muda wote huo Guyo alikuwa anaonekana. Tuliyamwaga maji kando yake, yakamrukia usoni, na hakuyafuta.

Taa ilipokaa hatimaye bila kuzimika, Barisa alifungwa kamba akashuka kumchukua. Afisa wa kliniki alinieleza baadaye kwamba taa haioni kila sumu, kwamba moshi wa injini una sumu isiyozima moto wala kutoa harufu, na kwa Barisa tulibahatisha tu. Sikujua. Nilijua nusu tu, na kwa nusu hiyo nikawaamuru watu.

Guyo alizikwa siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu.

Komora alilazwa hospitalini, kwenye hewa ya mtungi. Alipopata fahamu nilikaa kitandani kwake. Nilimwambia kuhusu Guyo, akageukia ukuta.  Siku kadhaa baadaye nikamuuliza alikuwa akizungumza na nani.

"Kulikuwa na watu, dada," alisema. "Ndani ya maji. Wamesimama kimya, kila mmoja na chombo chake. Wako nyuma ya wenzao, na nyuma yao wengine, mwisho sikuuona."

"Walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanangoja zamu."

Daktari anasema ubongo ukikosa hewa huota macho wazi. Namwamini. Lakini nilimwuliza Komora nyuso zao zilikuwaje, na hakutaka kunijibu, na tangu hapo amerudi Ngao na injini hazigusi tena. Anapanda migomba na kumwagilia kwa ndoo.

Kijiji kikakaa bila kisima. Kamati ilifunika mdomo kwa mabati na miiba. Wenye punda walikwenda hadi mtoni, kwenye mamba na kwenye mifugo ya wageni waliojaa ukingoni. Wengine walinunua maji ya mkokoteni. Wagonjwa wa tumbo wakaongezeka. Msichana mmoja aliumizwa mguu kwenye ugomvi wa maji huko mtoni. Na bado watu walikuwa wanahamia. Wiki ya pili baada ya msiba, familia mbili zilishusha godoro na masufuria kando ya barabara wakaanza kusimamisha miti ya nyumba. Niliwatazama nikashikwa na hasira ambayo sina haki nayo.

Usiku watu walisema wanasikia injini chini ya mabati. Mimi niliisikia hata mchana.

Mkutano ukaitishwa. Wengine walitaka kisima kifukiwe. Wengine walisema kuna njia nyingine: jenereta ikae juu, mbali, kwenye upepo, pampu ya kuzamishwa iende chini peke yake, na kati yao upite waya tu. Mtu asishuke tena. Ilikuwa kweli, inawezekana, nami nilisema hivyo. Lakini hakuna aliyethubutu kuamua mbele ya Mama Guyo, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi.

Jioni hiyo akaja kwangu. Nilimkaribisha chai, hakuigusa.

"Barisa naambia mimi wewe nafundisha watoto hii mambo," alisema. "Watu ya Ulaya, ya zamani. Walikuwa wengi, miti ikaisha, wakachimba, wakaweka injini."

"Ndiyo, Mama Guyo."

"Na huko shimo iliua watoto ya watu?"

"Iliua wengi."

"Wakafunga?"

Nilitamani kumdanganya. Nilitazama mikono yake, iliyochunika kwa kamba kama mikono yetu sote.

"Hapana," nikasema. "Walichimba chini zaidi. Wakatengeneza injini kubwa zaidi."

 Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania kikombe.

"Hawakuwa na moyo?"

"Walikuwa nao. Walikuwa na watoto wengine nyumbani, wanasikia baridi."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akafunga mtandio. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Mimi niko na Barisa. Na Barisa ataoa."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Kila nyumba ikatoa ilichoweza, jenereta ya mtumba ikapatikana, fundi akaletwa kutoka Garsen. Katiba ya kamati ikaongezewa sharti kwamba hakuna anayeshuka kwa sababu yoyote, na kwamba anayewasha atakuwa mtu mzima, kwa zamu. Zilipogawanywa zamu, watu walitazama chini. Mama Guyo akasema ya kwanza ni yake. Nikasikia sauti yangu ikisema ya pili ni yangu.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku.

Watu walijaa, hata wale wageni wa kando ya barabara, wamesimama nyuma kabisa na mitungi mipya. Miiba ikaondolewa, mabati yakavutwa. Hewa ikapanda kutoka kisimani, ikanipita usoni, harufu ile ile ya chuma.  Sheikh aliomba dua fupi. Mama Guyo akaenda kwenye jenereta, akakataa kusaidiwa, akavuta kamba. Haikuwaka. Akavuta tena, akivuta kwa mwili wote, na mlio wa kilio ukamtoka, sijui kama alijua. Ikawaka.

Hakuna aliyeshangilia.

Maji ya kwanza yalitoka meusi, yakamwagwa. Ya pili yalitoka ya manjano, yakamwagwa. Yakaanza kutoka maji safi, yenye nguvu, yakipiga sauti ndani ya pipa. Watu wenye kiu waliyatazama na hakuna aliyesogea. Walikuwa wanamngoja mama yake Guyo. Naye akachukua kikombe cha bati, akakijaza, akatembea kupita watu wote hadi mbele yangu.

"Kunywa, mwalimu."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilidhani nitasikia ladha ya kitu. Moshi, chuma, mauti, sijui. 

Yalikuwa baridi. Yalikuwa matamu, maji matamu kuliko yote niliyowahi kunywa hapa. Nilimaliza kikombe chote mbele ya yule mama, machozi yakinitoka, na kiu haikukatika, nikamrudishia kikombe nikamwomba anijazie tena. Akajaza. Akanitazama nikinywa. Kisha akajaza cha tatu, akanywa yeye.

Ndipo foleni ikaanza kusogea.

Sasa jua linashuka upande wa Garsen na bado nahisi ule mtetemo kwenye nyayo, ingawa nimeiona jenereta kwa macho yangu, imefunikwa turubai, imepoa. Nimejaza kila chombo nilichonacho ndani ya nyumba. Vimepangwa ukutani, vifuniko vimefungwa.

Kesho asubuhi zamu ya kuwasha ni yangu. Nitaiwasha.